Ubaki na mshahara, upige za pembeni, au uache kabisa? Ulinganisho kwa wabunifu wa Mbeya na Iringa

Wanaouliza swali hili wanafanana. Ni mhasibu wa Iringa anayepiga picha za harusi kila Jumamosi, mwalimu wa Uyole anayechora nembo usiku, ofisa habari wa shirika anayehariri video za kwaya baada ya saa za kazi. Kipaji kimeanza kuingiza hela, ofisi imeanza kuchosha, na kila akishika simu anakutana na mtu anayemwambia aache kazi afuate ndoto yake. Mara nyingi huyo mtu anauza semina.

Miezi ya karibuni nimesoma sana juu ya jambo hili. Vitabu vya hamasa vinavyotandikwa kando ya barabara vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi kwingine: mteja wake anapokea ankara, anakaa nayo siku 30, kisha benki inalipa. Kilichonifaa zaidi ni maandishi makavu, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Nikaongezea na maisha ya Shaaban Robert kama alivyoyasimulia mwenyewe. Huyu tunamwita gwiji wa lugha, lakini aliingia ukarani wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, na sehemu kubwa ya alichotuachia aliiandika akiwa mwajiriwa. Hilo halithibitishi kwamba kila mtu abaki ofisini. Linaonyesha tu kwamba njia ya katikati ni ya zamani, na haina aibu.

Kwenye usomaji wote huo, ujasiri unasemwa mno na kalenda haisemwi. Huku Nyanda za Juu Kusini hela ya mteja hutoka shambani, hata kama mteja mwenyewe ana duka la simu Mwanjelwa. Anayetaka kuchagua aanze na miezi.

Nimepima njia tatu kwa vigezo vinne: fedha na msimu wake; hifadhi, maana yake bima, pensheni, likizo na mkopo; kazi yenyewe, yaani muda unaobaki wa kubuni na nani anamiliki unachobuni; na soko la hapa. Suala la nyumbani litajitokeza lenyewe.

Njia ya kwanza: kubaki kazini

*Fedha na msimu.* Tuchukue mshahara wa Sh800,000 kwa mwezi, sekta binafsi. Asilimia 10 inakwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani Sh80,000. Kodi ya mapato kwa viwango vinavyoanzia juu ya Sh270,000 inakata kama Sh60,000. Ukiwa na deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka, Sh120,000. Mkononi inabaki Sh540,000, na hapo ndipo mtu anapoangalia simu na kusema, "Mbona harusi mbili tu zinanipa hii?"

Hesabu hiyo ina tundu. Mwajiri naye anaweka Sh80,000 yake NSSF ambayo huioni, kwa hiyo kazi hiyo inakulipa Sh880,000 kwa mwezi, Sh10,560,000 kwa mwaka, Januari na Machi zikiwemo. Kama kazi zako za ubunifu zinachangamka miezi 8 tu, kila mwezi wa neema unapaswa kuleta Sh1,320,000 ya faida, baada ya bando, umeme, usafiri na kukodi lenzi. Linganisha namba hiyo na ulichopata msimu uliopita, usiilinganishe na Sh540,000.

*Hifadhi.* Hapa ajira haina mpinzani. Sheria inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, likizo ya uzazi ya siku 84, na likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Pensheni inataka michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Kisha kuna benki. Hati ya mshahara ndiyo inayofungua mkopo, na kwa wengi ndiyo iliyojenga msingi wa nyumba kule Iyunga au Kihesa.

*Kazi yenyewe.* Saa za kawaida kisheria hazizidi 45 kwa wiki. Zinachosha, ila zina mwisho. Ubaya ni kwamba ukiajiriwa kama mbunifu, haki za kiuchumi za kazi uliyoifanya katika ajira hiyo huwa za mwajiri, isipokuwa mmeandikiana vingine. Nembo uliyoichora imebandikwa kwenye malori yanayokwenda Tunduma, na wewe huna chako humo zaidi ya kuinyooshea kidole.

*Soko.* Halikuhusu sana, ila ofisi ni mahali pazuri pa kujifunza nani anasaini malipo na kwa nini ankara moja hulipwa kesho na nyingine hukaa miezi.

Inamfaa mwenye wategemezi wengi, mwenye mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, au aliyebakiza miaka michache kufikisha ile 15. Inamfaa pia mtu anayependa ubunifu kuliko kuuza ubunifu. Hao wapo wengi kuliko wanavyokiri.

Njia ya pili: ajira na za pembeni

*Fedha na msimu.* Mshahara unabeba miezi mikavu, kazi za pembeni zinanenepesha miezi ya mavuno. Kwa hali ya hapa ndiyo njia inayoelewana na mvua zetu. Lakini ina ugonjwa mmoja ambao hausemwi: bei. Mwenye mshahara hutengeneza kadi ya harusi kwa bei ya soda kwa sababu hela ya kodi ya nyumba anayo tayari, na kwa kufanya hivyo anamwibia jirani yake anayeishi kwa kadi hizo. Siku akiamua naye kuacha kazi, anakuta soko aliloliharibu kwa mkono wake. Ukichagua njia hii, toza bei ambayo ungeweza kuishi nayo bila mshahara. Ukikosa wateja kwa bei hiyo, umepata taarifa muhimu bila kulipa chochote.

*Hifadhi.* Inabaki kama ilivyo, mradi mkataba wako unaruhusu. Utoe kabatini usome: mikataba mingi ina kipengele kinachokataza kazi nyingine bila kibali cha maandishi, au kinachozuia kuwahudumia washindani wa mwajiri. Watumishi wa umma wana kanuni zao kuhusu mgongano wa maslahi. Na kompyuta ya ofisi iachwe ofisini, kwa sababu mzozo wa nani anamiliki kazi huanza pale ambapo faili limetengenezwa saa tano asubuhi ya siku ya kazi kwa mashine ya mwajiri.

*Kazi yenyewe.* Usingizi ndio unaolipa gharama. Harusi ya Jumamosi huisha saa nane usiku, Jumapili unachagua picha, Jumatatu uko mezani macho mekundu. Wateja nao hawajui ratiba yako. Bibi harusi hupiga saa nne asubuhi ukiwa kikaoni, na usipopokea anampigia mwingine. Kinachookoa ni kuchagua aina ya kazi isiyodai uwepo wako mchana. Kuandika, kutafsiri, kupanga kurasa za vitabu na kuhariri video vinavumilia usiku. Kupiga picha mikutano ya mashirika hakuvumilii.

*Soko.* Utapata wateja wa kijamii, yaani harusi, misiba, makanisa, ndugu. Taasisi zinataka mtu wa kufika saa tatu kujibu maswali ya ofisa manunuzi, na huyo si wewe.

Inamfaa anayejaribu maji na mwenye mwajiri asiye na wivu. Wengine huikalia miaka mingi kwa amani kabisa, na sioni sababu ya kuwaita waoga.

Njia ya tatu: kuacha na kujiajiri

*Fedha na msimu.* Hapa ndipo pa kukaa kitako.

Mwaka wa huku uko hivi. Novemba mvua zinaanza na hela inaingia ardhini: mbegu, mbolea, vibarua. Desemba inachangamka, kwani waliotoka Dar wanarudi, kuna vipaimara, harusi na vikao vya ukoo. Januari ni ada za shule. Kisha Kwaresima, na kwa mikoa yenye Wakatoliki, Wamoraviani na Walutheri wengi namna hii, harusi zinapungua sana mpaka Pasaka. Mei na Juni taasisi za umma zinakimbizana na mwisho wa mwaka wa fedha, Juni 30, kwa hiyo mabango na vipeperushi vinaagizwa kwa haraka. Mpunga wa Kyela na Mbarali unaingia sokoni, mahindi yanafuata, na kuanzia hapo mpaka Oktoba ni send-off, harusi, mahafali ya shule na Nanenane ya viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya. Iringa inaongeza watalii wa Ruaha, ambao nao hupenda kiangazi. Karibu kila kitu kinaangukia upande mmoja wa mwaka.

Maana yake ni kwamba anayeacha kazi Desemba, akiwa amelewa na oda za sikukuu, anaingia moja kwa moja kwenye miezi ambayo mji wote unanunua mbolea na sare za shule. Wapo waliorudi kuomba ajira Aprili wakiamini hawana kipaji. Kipaji kilikuwepo.

Halafu kuna suala la kulipwa. Mazungumzo ya mwenyekiti wa kamati ya harusi na dizaina kijana huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Zile kadi zetu vipi?"

"Ziko tayari mzee, nasubiri ile nusu tuliyokubaliana."

"Kikao ni Jumapili, mwanangu, michango bado inaingia. Wewe tuma tu kwanza tuone."

Mzee hana nia mbaya. Mwekahazina hana kitu, na wanakamati wenyewe wameahidi kwenye daftari tu. Lakini kijana akituma faili safi, litachapwa Kabwe jioni hiyo hiyo na nusu iliyobaki itageuka kuwa ahadi ya "tutakukumbuka". Waliozoea hutuma picha ndogo yenye neno SAMPULI limepita katikati ya majina ya maharusi, kisha hunyamaza kwa heshima. Heshima hiyo ni kazi. Huwezi kumwambia mzee wa rika la baba yako kwamba "sera ya kampuni hairuhusu", ila unaweza kusema, "Mzee, mashine ya kuchapa siyo yangu, mwenyewe hanipi bila advansi." Pengine ni kweli, pengine si kweli sana.

*Hifadhi.* Unaibeba mwenyewe. NSSF inapokea waliojiajiri, kwa hiyo miaka uliyochangia haipotei, na mwenye miaka 11 anaweza kuendelea kuchangia mpaka atimize 15. Bima ya afya hununuliwa binafsi NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, au kwa makampuni. CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa ikichangiwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha mambo, kwa hiyo uliza utaratibu wa sasa kabla ya kuandika barua. Deni la Bodi ya Mikopo halifi ulipoacha kazi. Linageuka tu kuwa jukumu lako kulipeleka.

Mawili huwashtua watu dirishani. Fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Na kiinua mgongo cha kisheria, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10, kinahusu anayeachishwa na mwajiri. Ukiandika barua mwenyewe usikitegemee, labda mkataba wenu uwe na ukarimu kuliko sheria.

*Kazi yenyewe.* Watu hudhani watabuni kutwa. Siku ya kweli ina kupanda bajaji kupeleka flana za sampuli Soweto ya Mbeya, kukaa mapokezi kusubiri ofisa aliyetoka "mara moja", kukumbusha madeni matatu kwa lugha laini, kununua LUKU, na kubuni kuanzia saa mbili usiku watoto wakilala. Unachopata badala yake ni uhuru wa kukataa, na kazi yenye jina lako. Hata hapo andikianeni mapema mteja ananunua nini: matumizi ya mara moja, au haki zote na faili la kazi. Ujumbe wa WhatsApp wenye bei, tarehe na idadi ya marekebisho si mkataba wa wakili, lakini unaokoa urafiki.

Nyumbani napo kuna kazi. Mtu anayeshinda na kompyuta sebuleni huonekana hana shughuli. Atatumwa sokoni, ataambiwa ampeleke shangazi hospitali, ataulizwa na baba mkwe lini atapata kazi. Kukodi meza katika chumba cha mwenzako mjini, hata siku tatu kwa wiki, hununua heshima kuliko maelezo.

*Soko.* Mbeya na Iringa hazilingani. Mbeya ni mji wa biashara na barabara kuu. Kuna wafanyabiashara wanaotaka vifungashio vya mchele na kahawa, makanisa yenye kwaya zinazorekodi video, shule binafsi, na wapitanjia wa Zambia na Malawi. Oda ni nyingi, bei inabanwa, na mteja anataka leo. Iringa ina vyuo kadhaa, mashirika na utalii. Oda ni chache zaidi, zinahitaji maandishi mazuri na Kiingereza kinachosomeka, na malipo huja kwa benki, polepole. Mwandishi na mpiga picha wa simulizi atapumua Iringa. Mtu wa vifungashio, mabango na video ya kwaya ana chakula Mbeya. Njombe na Makambako nazo zimeanza kuita, hasa kwa wenye mazao ya kufungasha.

Ili taasisi ikulipe, itakutaka uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Itakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, nawe udai cheti chake, kwa sababu hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa na itahesabiwa mwisho wa mwaka. Wateja wa nje ya nchi ni tiba halisi ya ule msimu, kwani mtu wa Ujerumani hajui Kwaresima ya Rungwe inamfanyia nini mfuko wako. Ila panga njia ya kupokea mapema. Akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa kwa miaka mingi ya kulipia tu, na wengi hupitia Payoneer hadi benki.

Njia hii inamfaa mwenye wateja wanaojirudia, angalau mmoja asiyetegemea mavuno, na akiba ya kuvuka Januari hadi Aprili bila kugusa ada ya mtoto. Inamfaa pia ambaye mkataba wake unaisha tu na hakuna dalili ya kuongezwa. Huyo hana cha kuacha.

Ukiwa katika hali gani, uelekee wapi

Una mkopo wa mshahara uliobakiza miaka miwili au zaidi: baki, fanya za pembeni kwa bei kamili, peleka hela hiyo kwenye deni. Benki haitakubembeleza ukikosa hati ya mshahara.

Una miaka 12 au 13 ya michango: kabla ya lolote, nenda NSSF, au PSSSF kama ni mtumishi wa umma, uchukue taarifa ya michango yako kwa maandishi. Wapo waliokuta miezi haijapelekwa, na kudai ukiwa ndani ni rahisi kuliko kudai ukiwa nje.

U kijana, huna mtoto, unakaa kwa wazazi au mnagawana chumba: njia ya tatu ni ya bei nafuu kwako sasa kuliko itakavyokuwa baadaye. Hata hivyo tafuta kwanza mteja mmoja wa mkataba wa kila mwezi, kwa mfano shule inayotaka mtu wa kuendesha kurasa zake za mitandao.

Ni mtumishi wa umma na moyo umegawanyika: ulizia likizo bila malipo. Hupewi kama haki, inaombwa, na mkuu wa idara anaweza kukataa. Ikikubaliwa, omba ianze Mei.

Kazi imekuchosha lakini kazi za ubunifu bado hazijaleta chochote: hilo ni suala la ajira mbaya. Tafuta ajira nyingine. Kujiajiri ukiwa umechoka hivyo kutakuongezea mabosi, kila mteja bosi mmoja.

Unaelewana na mwajiri wako: mwombe awe mteja wako wa kwanza. Mashirika mengi hupendelea kumlipa mtu anayewajua kwa siku mbili za wiki kuliko kufundisha mgeni. Ombi hilo lipeleke kabla ya barua ya kuacha, maana baada ya barua bei yako inashuka.

Umekwisha kuamua kuondoka: anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, isipokuwa mkataba unasema zaidi. Barua ikitoka mwanzoni mwa Aprili, Mei unakuwa huru, taasisi zikiwa zinatafuta mtu wa kuchapa mabango kabla ya Juni 30. Wiki hizo nne zitumie kusajili jina BRELA, kuomba TIN, na kwenda kliniki kwa kila kinachouma wakati kadi ya bima ya kazini bado inasoma.